Tuulize Tukujibu: Ncha Ngumu au Ncha Laini kwenye Fimbo ya Pool?

Tangu tulipoandika juu ya namna ya kuchagua fimbo, barua zinazotufikia kutoka Mwanza mjini na visiwani zimekuwa zikirudia swali moja, nalo linahusu kile kipande cha ngozi, kidogo kama kifungo cha shati, kinachokaa mbele kabisa ya fimbo na kuugusa mpira mweupe. Vijana wengi wanakiita tipu. Hapa tutakiita ncha. Tumechagua barua tano, na ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa kuwa nyingine zote zinaitegemea.

*Shikamoo mwandishi. Mimi ni kijana wa miaka 24, napakia magunia ya dagaa pale mwaloni Kirumba, na jioni nacheza pool. Mwaka huu nimejinunulia fimbo ya vipande viwili, yenye ncha ya milimita 13. Ngozi iliyokuja nayo imekwisha. Dukani nimekuta aina mbili, moja imeandikwa S, yaani laini, na nyingine H, yaani ngumu. Muuzaji ameniambia S ni ya wanaojua kuurudisha mpira mweupe nyuma na H ni ya wanaopiga kwa nguvu. Kaka yangu anayenifundisha anasema ngumu ndiyo ya wataalamu. Fedha niliyonayo ni ya kununua moja tu. Nichukue ipi? — Mpakiaji, Kirumba*

Marahaba, mdogo wangu. Muuzaji na kaka yako wanapingana kwa maneno, lakini wamekosea mahali pamoja: wote wawili wameipa ngozi kazi ambayo ni ya mkono wako. Mpira mweupe hurudi nyuma kwa sababu umepigwa chini ya kitovu chake, na hubadili njia baada ya kugonga ukingo wa meza kwa sababu umepigwa kulia au kushoto kwa kitovu hicho. Kadiri unavyogusa mbali na kitovu ndivyo mzunguko unavyoongezeka, na hilo ni kweli iwe ngozi yako ni laini kama ya mkoba au ngumu kama soli ya buti. Profesa David Alciatore, aliyefundisha Colorado State University nchini Marekani, mhandisi ambaye kwa miaka mingi ameuchunguza mchezo huu kwa kamera za kasi kubwa, ameeleza kwamba ncha mbili za ugumu tofauti zikigusa mahali pale pale huupa mpira mzunguko ule ule, ukiulinganisha na kasi ya mpira wenyewe.

Wanaoitetea ngozi laini husema kwamba inaushika mpira kwa muda mrefu zaidi. Ni kweli kwamba inagusana nao kwa muda mrefu kidogo kuliko ngumu, ila ni vizuri tujue muda tunaouzungumzia ni upi. Ncha na mpira hugusana kwa takribani sehemu moja ya elfu ya sekunde, kisha mpira unaondoka huku fimbo ikiwa bado inasonga mbele. Ndani ya muda huo hakuna mkono wa binadamu unaoweza kusahihisha wala kuongeza kitu. Kila unachotaka mpira ufanye lazima kiwe kimekwisha kuamuliwa na mwelekeo wa fimbo, kasi yake na mahali unapogusa.

Upo pia mpaka ambao ngozi yoyote huuheshimu. Ukichukua umbali kutoka kitovu cha mpira hadi ukingo wake, ncha iliyopakwa chaki vizuri itashika mpaka karibu nusu ya umbali huo, na ukizidi hapo itateleza. Kwenye meza kubwa za mtindo wa Marekani, ambazo mpira wake una kipenyo cha milimita 57, mpaka huo uko milimita 14 hivi kutoka kitovuni. Kwenye meza za sarafu, zile zinazotoa mipira ukitia sarafu, zilizotengenezwa kwa mtindo wa Uingereza, mipira ya kawaida ina kipenyo cha karibu milimita 51 na ule mweupe hufanywa mdogo zaidi, milimita 47 na nusu, ili meza iweze kuutenganisha na mingine na kuurudisha nje unapotumbukia. Hapo mpaka wako ni milimita 12 tu. Naomba uchukue rula ukautazame umbali huo, kwa sababu wachezaji wengi hudhani wana nafasi kubwa kuliko hiyo. Na kwa kuwa mpira huo mweupe ni mdogo na mwepesi kuliko ule unaogongwa nao, unarudi nyuma kwa urahisi zaidi. Nimewasikia watu wengi wakiisifia ngozi yao kwa kazi iliyofanywa na wepesi wa mpira.

Mimi mwenyewe niliamini kama muuzaji wako kwa miaka mingi, na kilichonitoa katika imani hiyo ni alama ya chaki. Jioni moja huko Mkuyuni nilichukua fimbo mbili zinazokaribiana uzito na unene, moja ikiwa na ncha laini na nyingine ngumu, nikaweka mpira wenye mstari mahali pa mpira mweupe, mstari ukiwa umelala sawa na meza, ili nione vizuri ninapogusa. Kila baada ya pigo nilimwomba mwenzangu auzuie mpira usibiringike tena, nikautazama. Chaki huacha doa dogo la buluu pale ncha ilipogusa. Kwa ncha ngumu doa langu lilikuwa milimita 6 au 7 chini ya kitovu, ingawa nilidhani nimepiga chini sana. Kwa ncha laini doa lilikuwa pana zaidi, na lilikuwa milimita 10 chini ya kitovu. Sikuwa nimekusudia kupiga mahali tofauti. Mkono ulikuwa umeteremka wenyewe kwa sababu niliiamini ngozi ile kwamba haitateleza, na kwa ncha ngumu ulikuwa umejizuia kwa hofu. Nilipojilazimisha kupeleka ncha ngumu kwenye milimita zile 10, mpira ulirudi nyuma vilevile. Fanya jaribio hili kabla ya kutoa fedha yako. Halihitaji kitu ila mpira mmoja wenye mstari na rafiki mvumilivu.

Sasa tuseme ngozi inabadilisha nini, kwa maana ipo tofauti na si ndogo. Ncha ngumu hupoteza nguvu ndogo kuliko laini wakati wa kugongana, kwa hiyo kwa pigo lile lile mpira hutoka na kasi kubwa zaidi, nawe husikia mlio mkavu na mkono unapata taarifa kali ya pigo. Ncha laini humeza sehemu ya nguvu hiyo, mlio wake ni mzito, na mchezaji anayependa mapigo ya polepole huhisi kwamba ameutawala mpira. Ncha laini hushika chaki kwa urahisi zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Ngumu hupenda kung'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, na ikishang'aa chaki haikai, nawe utateleza hata ndani ya mpaka niliokutajia. Kwa upande wake, ncha laini hubonyea, hutanuka na kuota uyoga, yaani kingo zake humwagika nje kama kofia ya uyoga, juu ya ile pete nyeupe iliyo kati ya mbao ya fimbo na ngozi, na kila inapobonyea inazidi kuwa ngumu, hivyo ncha uliyoinunua ikiwa laini mwezi wa kwanza huwa nyingine kabisa mwezi wa tatu bila wewe kujua siku iliyobadilika. Kuhusu mpira mweupe kuchepuka pembeni unapopigwa kulia au kushoto, usiilaumu ngozi: hilo hutegemea zaidi uzito wa sehemu ya mbele ya fimbo, na fimbo nyembamba yenye mbele nyepesi huchepusha mpira kidogo kuliko yenye mbele nzito.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu kwako ni huu. Kama dukani ipo yenye alama ya M, yaani ya kati, ichukue bila kusita. Kama haipo, chukua H. Sikupi H kwa kuwa unapiga kwa nguvu wala kwa kuwa ni ya wataalamu. Nakupa kwa kuwa itakaa jinsi ilivyo kwa miezi mingi, na wewe uko katika hatua ya kuujifunza mkono wako. Mpira ukienda kusikotakiwa, unahitaji kujua kwamba kosa ni lako, ili ulirekebishe. Mtu anayejifunza kwa ncha inayobadilika kila wiki anajifunza kurekebisha makosa ambayo si yake. Sharti langu ni moja: paka chaki kabla ya kila pigo, na mara moja kwa wiki iguse ngozi kwa msasa laini ili uso wake uwe na vinyweleo tena.

Neno moja juu ya hizo herufi. S, M na H si vipimo vilivyokubaliwa na watengenezaji wote. Kila kiwanda kina ngazi zake, na ncha ambayo mmoja anaiita ya kati inaweza kuwa ngumu kwa mwingine. Elk Master ya kampuni ya Tweeten ya Marekani, ile ya rangi ya buluu, inajulikana kuwa laini. Triangle ya kampuni hiyo hiyo ni ngumu kuliko hiyo. Kamui na Moori za Japani hutengenezwa kwa matabaka membamba ya ngozi ya nguruwe yaliyogandishwa pamoja, hutolewa kwa ngazi mbalimbali za ugumu, na hubadilika polepole kuliko zile za kipande kimoja, lakini bei yake yaweza kuwa mara kumi ya ncha ya kawaida au zaidi. Ukikuta ncha isiyo na jina kwenye boksi, ibonyeze kwa ukucha wa kidole gumba. Ngozi laini itabaki na alama ya ukucha. Ngumu haitaonyesha kitu. Ukiwa na ncha tatu za boksi moja mkononi, bonyeza zote tatu, kwa sababu hata ndani ya boksi moja hazilingani.

*Ndugu Mhariri, mimi nina meza mbili za pool karibu na stendi ya Nyegezi na fimbo sita. Kila wiki ngozi mbili au tatu zinabanduka, na wateja wananilalamikia. Fundi viatu ananibandikia kwa gundi yake lakini hazidumu, nyingine zinahama pembeni zenyewe. Je, niweke ngozi laini au ngumu ili zidumu? — Mama wa Meza Mbili, Nyegezi*

Dada yangu, kwa fimbo za wateja jibu ni fupi: weka ncha ngumu za kipande kimoja, zote za aina moja, na usijaribu za matabaka, kwa maana za matabaka zikigongwa ovyo hupasuka kati ya tabaka na tabaka. Fimbo ya mteja hupigwa na mikono mia tofauti, haipakwi chaki inavyostahili, na mwenye kusubiri zamu yake huisimamisha juu ya sakafu ya saruji, wakati mwingine ncha ikiwa chini. Ngozi laini katika maisha hayo itaota uyoga kabla ya mwisho wa wiki.

Lakini tatizo lako kubwa liko kwenye gundi na kwenye uso unaobandikwa. Gundi ya viatu imetengenezwa ibaki na unyumbufu, kwa kuwa kiatu hukunjwa kila hatua. Chini ya ncha unyumbufu huo ni madhara: kila pigo linaisukuma ngozi kidogo upande mmoja, na ndiyo maana unaona zinahama pembeni. Tumia gundi ile ya matone inayokauka haraka, ambayo inauzwa kila kona ya mji, na kama ipo ile nzito isiyotiririka ni bora zaidi.

Mwambie fundi afanye hivi, kwa utulivu. Aiondoe ngozi iliyobaki kwa wembe, kisha akwangue gundi yote ya zamani mpaka aione mbao au pete ikiwa safi na sawa kabisa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu watu hubandika juu ya gundi ya zamani, na gundi mpya inashika gundi kuukuu badala ya kushika fimbo. Ausugue upande wa chini wa ngozi mpya juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo au kigae, si kwa msasa ulioshikwa mkononi, kwa maana mkono huinua kingo na kuacha kati pakiwa na tumbo. Akiziweka pamoja bila gundi na kuziinua kwenye mwanga, asione mwanga ukipenya katikati. Ndipo atie tone moja, abonyeze kwa nguvu bila kuzungusha, na aiache fimbo hiyo isiguse mpira mpaka kesho yake ikiwezekana. Ngozi iwe pana kidogo kuliko fimbo, kisha ziada ipunguzwe kwa wembe mkali kuelekea chini, fimbo ikiwa imesimama juu chini kwenye ubao, na pete isikwaruzwe.

Baada ya hapo pembeni mwa ngozi paloweshwe kidogo kwa mate au maji na kusuguliwa kwa kipande cha ngozi nyingine mpaka pang'ae. Mng'ao huo wa pembeni, tofauti na mng'ao wa juu, ni wa kutafutwa, kwa sababu ndio unaoizuia ngozi isitanuke. Na kama baadhi ya fimbo zako ni zile zenye ncha za kufunga kwa skrubu, badilisha ncha yote na skrubu yake. Kubandika ngozi mpya juu ya shaba iliyolegea ni kupoteza gundi.

Nikuombe pia uweke ubao wenye matundu ukutani wa kusimamishia fimbo. Utaokoa ngozi nyingi kuliko aina yoyote ya gundi.

*Mwandishi, habari ya kazi. Mimi nina fimbo moja tu. Je, ncha ngumu inasaidia wakati wa kuvunja mipira mwanzoni? — Msomaji, Buzuruga*

Salama, ndugu. Inasaidia kidogo, kwa sababu niliyoeleza juu: nguvu inayopotea ni ndogo. Ndiyo maana wachezaji wenye uwezo huwa na fimbo ya pili ya kuvunjia, yenye ncha ngumu sana, na nyingine hazina ngozi kabisa bali plastiki ngumu. Kwa mwenye fimbo moja sikushauri uifuate tofauti hiyo. Kuvunja kwa nguvu zote kwa ncha laini kila siku huibonyeza na kuifanya ngumu haraka, kwa hiyo kama unaipenda laini, omba fimbo ya mwenye meza uvunjie, kisha urudi kwenye yako.

*Shikamoo. Mimi ni mwalimu hapa Nansio, Ukerewe. Tunacheza pool jioni baada ya kazi. Chaki ya fimbo huku ni adimu, kwa hiyo tunatumia chaki ya ubaoni, nyeupe. Tunateleza sana, na wakati wa mvua ndiyo zaidi, hata ngozi inakuwa kama imelowa. Nimeambiwa nibadilishe ngozi niweke laini zaidi. Ni kweli? — Mwalimu, Nansio*

Marahaba, Mwalimu. Usibadilishe ngozi kwanza, badilisha chaki. Jina limetupotosha. Ile ya ubaoni imetengenezwa kwa madini laini ya chokaa au jasi, nayo huacha unga unaoteleza, hivyo mnapoipaka mnaweka kilainishi mahali panapohitaji ukwaruzo. Kile kijiwe cha buluu tunachokiita chaki ya pool hakitegemei chokaa tena tangu mwaka 1897, mchezaji William Spinks na mkemia William Hoskins walipopata hataza yake nchini Marekani: wao walichanganya silika na unga mgumu wa kukwaruza, jamaa wa huo unaowekwa kwenye misasa. Chembe zake hukaa ndani ya vinyweleo vya ngozi na kuuma uso wa mpira, ambao ni wa plastiki ngumu iliyosuguliwa ikawa laini kama kioo. Kabla ya ugunduzi huo na ule wa ngozi, wachezaji walitumia mti mtupu na walilazimika kupiga katikati ya mpira tu. Ngozi yenyewe inahusishwa na François Mingaud, ofisa wa jeshi la Ufaransa, ambaye alikuwa kifungoni Paris na aliikamilisha ncha hiyo mwaka 1807. Ngozi na chaki ni kitu kimoja kilichogawanyika mara mbili, na ninyi mmekuwa mkicheza na nusu yake.

Vijiwe viwili vya chaki halisi vinaweza kuwatosha walimu wote wa kundi lenu kwa miezi kadhaa, na mtu yeyote anayevuka kwa meli kutoka Mwanza anaweza kuwaletea mfukoni. Mpake kwa kupitisha kijiwe juu ya ngozi kama anayepiga brashi, mkiutazama uso wa ngozi mpaka wote uwe wa buluu. Wale wanaokizungusha kijiwe kama wanaotoboa huchimba shimo katikati yake, na shimo hilo likishakuwa la kina, chaki inapaka pete na si ngozi.

Kuhusu mvua, umeona sawasawa. Ngozi hunyonya unyevu wa hewa, na sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tunaujua unyevu wa Machi hadi Mei, ambapo hata chumvi mezani inashikamana. Ncha laini, yenye nafasi nyingi ndani yake, hunyonya zaidi na kupoteza umbo lake haraka, na chaki inayopakwa juu ya ngozi yenye unyevu hugeuka tope jembamba lisiloshika. Kwa hiyo ushauri uliopewa umegeuzwa kichwa chini: kwa Nansio, wakati wa masika, ya kati au ngumu ndiyo itakayowapunguzia usumbufu. Itunzeni fimbo ndani ya mfuko, mbali na sakafu na ukuta unaotoa maji, na kijiwe cha chaki kikae kwenye kikopo chenye mfuniko, na punje chache za mchele mkavu chini yake. Ngozi ikilowa, isianikwe juani wala karibu na moto, kwa kuwa joto hulegeza gundi na kuikausha ngozi mpaka ipasuke. Iacheni chumbani usiku mmoja, kisha mwiguse kwa msasa.

Kwa kuwa wewe ni mwalimu, nitaongeza jambo moja ambalo huenda likakupendeza. Umbo la juu la ngozi liwe limebinuka kama sehemu ya uso wa mpira wa pool, si tambarare kama kifuniko. Wachezaji wa Marekani hupima mviringo huo kwa sarafu yao ya senti tano, yenye kipenyo cha milimita 21: ukiisimamisha sarafu nyuma ya ncha, mkunjo wa ngozi ufuate mkunjo wa sarafu. Chora duara la kipenyo hicho kwenye karatasi ngumu, likate, na utakuwa na kipimo. Ncha tambarare hugusa mpira kwa ukingo wake unapopiga mbali na kitovu, na huo ndio mtelezo ambao hakuna chaki inayoweza kuuzuia.

*Kaka, naomba kuuliza. Sisi hapa Igombe tuna ngozi ya sangara nyingi. Nimesikia inatengenezwa mikoba na viatu. Haiwezi kutengeneza ncha za fimbo tukaacha kununua za nje? — Mvuvi, Igombe*

Mdogo wangu, swali lako nimelifurahia, na nimelishikilia kwa siku kadhaa kabla ya kujibu. Ngozi ya sangara ni imara kweli, na imekuwa ikisindikwa kwa ajili ya mikoba na viatu. Kinachoizuia kuwa ncha ni unene na mafuta. Ncha mpya huwa na unene wa milimita 5 hivi, na ngozi ya samaki haifiki hapo hata kwa mbali, kwa hiyo ingelazimu kupanga matabaka mengi na kuyagandisha, jinsi Wajapani wanavyofanya kwa ngozi ya nguruwe. Ngozi ya mikoba nayo, baada ya kusindikwa, hulainishwa kwa mafuta ili ikunjike bila kupasuka, na mafuta ni adui wa gundi. Ukibandika tabaka sita za ngozi ya namna hiyo, zitaachana kwenye pigo la kwanza la nguvu.

Anayetaka kujaribu aanze na ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti na isiyotiwa mafuta, akwangue vinundu vya magamba mpaka pande zote mbili ziwe sawa, agandishe tabaka moja baada ya nyingine kwa gundi ya matone, azibane kwenye jiriwa usiku kucha, kisha ndipo akate duara. Mimi ningeanza na ngozi ya ng'ombe ya soli, iliyo nene na tayari imeshindiliwa, ambayo fundi viatu yeyote wa Mwanza anayo vipande vyake chini ya meza. Itatoka ngumu, ngumu kuliko nyingi za dukani, nayo kwa fimbo ya kuvunjia itakufaa.